Kukodi au Kujiendeshea: Somo la Kuunganisha Data za Kaunti

Chukua mfano wa mama anayeuza vyakula Kangemi. Jumatatu asubuhi analipia kibali cha biashara kwa simu. Jumatano afisa wa ukaguzi anafika dukani, anaingiza nambari ya kibali, na mfumo unamwambia kwamba malipo hayapo. Mama anaonyesha ujumbe wa M-Pesa; afisa anaonyesha kioo cha simu yake. Wote wawili wanasema kweli. Pesa zimeingia kwenye akaunti, ila rekodi ya malipo haijafika upande wa leseni. Kabla ya jambo hilo kunyooka, mama atakuwa amefunga duka nusu siku na kupanda matatu hadi City Hall kuthibitisha kitu ambacho kaunti yenyewe tayari inakijua.

Kazi ya kuhakikisha rekodi hiyo inafika, nzima na kwa wakati, ndiyo inayoitwa kuunganisha data. Ni kazi ya kuchota rekodi kutoka mfumo mmoja, kuzisafisha ziwe na sura moja, kisha kuzipeleka kwenye mfumo mwingine kila baada ya dakika au saa kadhaa. Kwa mwananchi kazi hii haionekani hadi siku inapoharibika.

Nairobi imezidi kuihitaji. Tangu 2023 kaunti imekuwa ikitoa kibali cha pamoja cha biashara, kinachokusanya leseni ya biashara na vibali vilivyokuwa vikitolewa peke yake, kama vile cha zimamoto, cha usafi wa chakula na cha matangazo. Mkononi mwa mfanyabiashara ni karatasi moja. Nyuma ya karatasi hiyo ni idara kadhaa, kila moja na daftari lake, maafisa wake na mazoea yake ya kuandika majina. Ndipo swali linapozuka katika ofisi nyingi za umma, kutoka City Hall hadi vituo vya afya vya Dagoretti: je, ofisi ikodi huduma ya kuunganisha data kutoka kwa kampuni, au ichukue programu huria na kuiendesha yenyewe?

Aina mbili za zana

Huduma ya kukodi, mfano wa Fivetran ya Marekani, huja ikiwa tayari. Kampuni ina viunganishi vilivyotengenezwa, seva zake, na wahandisi wake. Mfumo unaochotwa data ukibadilisha sura, kwa mfano safu iliyoitwa "jina" ikagawanywa kuwa majina mawili, wahandisi hao ndio wanaorekebisha kiunganishi. Ofisi inaingia kwa nywila, inachagua data ziende wapi, na kila mwezi inalipa.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuipakua, kuisoma ndani, kuibadilisha na kuiweka kwenye seva yake bila ada ya leseni. Katika kazi hii inayojulikana sana ni Apache NiFi. Asili yake inachekesha kidogo: ilitengenezwa ndani ya NSA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha mwaka 2014 ikakabidhiwa wakfu wa Apache, na leo yeyote anaruhusiwa kuikagua. Nyingine ni Airbyte, iliyoanza 2020.

Neno "bure" ndilo linalopotosha zaidi hapa. Mtu akipewa gari bure bado atahitaji dereva, mafuta na fundi wa Kirinyaga Road. Anayekodi gari lenye dereva analipa zaidi kwa kila safari, lakini gari likizima Uthiru usiku wa manane, simu ya kuamka si yake. Vikao vingi vya bajeti hulinganisha bei ya kukodi na sifuri ya programu huria, halafu mwaka unaofuata hushangaa.

Bei inayopanda kimya kimya

Kwa huduma ya kukodi, jambo la kwanza la kuuliza ni kinachohesabiwa. Fivetran, kwa mfano, hutoza kwa idadi ya rekodi zilizoongezwa au kubadilika ndani ya mwezi. Rekodi iliyolala haina gharama, iliyoguswa inahesabiwa. Kwa duka la mtandaoni mpango huo hueleweka kwa urahisi, kwa sababu rekodi zikiongezeka ni mauzo yameongezeka. Kaunti haiko hivyo.

Tazama kalenda ya mapato ya Nairobi. Wafanyabiashara wengi huhuisha vibali Januari. Kodi ya ardhi hutakiwa kufikia mwisho wa Machi. Maana yake ni kwamba robo ya kwanza ya mwaka hugusa rekodi nyingi kuliko miezi ya katikati, na bili hupanda wakati ule ule mifumo inapolemewa. Baya zaidi ni pale orodha ya uthamini wa ardhi inapobadilishwa. Nairobi ilitumia orodha ya miaka ya 1980 kwa takriban miongo minne kabla ya kuleta mpya. Siku orodha kama hiyo inapoingizwa kwenye mfumo, kila kiwanja jijini hupata thamani mpya, yaani kila rekodi imeguswa. Hakuna mkazi mpya, hakuna shilingi ya ziada iliyoingia, lakini kwa mhasibu wa kampuni ya nje rejista nzima imefanya kazi mwezi huo.

Halafu kuna dola. Huduma nyingi za aina hii hulipwa kwa dola ilhali bajeti ya kaunti hupitishwa kwa shilingi. Mapema 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 124. Kufikia Januari 2024 ilikaribia 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 katikati ya mwaka huo. Usajili wa dola 1,000 kwa mwezi ungepanda kutoka shilingi 124,000 hadi karibu 160,000 bila kampuni kuongeza hata senti. Ofisi iliyopanga bajeti kwa bei ya kwanza ingejikuta inatafuta karibu shilingi 36,000 zaidi kila mwezi, na bajeti ya nyongeza haipitishwi kwa siku moja.

Gharama ya programu huria iko kwa watu. Mfumo mdogo unaweza kusimama juu ya seva mbili za kawaida, ya kazi na ya akiba. Kinachokosekana mara nyingi ni wahandisi wawili wanaoujua ndani nje. Inasemwa wawili kwa makusudi. Mhandisi mmoja akizoea kazi, kampuni za Westlands na benki za Upper Hill humwona haraka, na kaunti haiwezi kushindana nazo kwa mshahara. Akiondoka peke yake huondoka na ramani yote kichwani. Ofisi isiyoweza kuonyesha nafasi hizo mbili katika bajeti yake ya wafanyakazi haina haja ya kuendelea na mjadala wa programu huria. Ikodi tu, na ikodi kwa macho mawili.

Sekta ya afya ilivyotangulia

Kenya haianzi somo hili kwenye ubao mtupu. Mfano mkubwa zaidi upo, na maafisa wa afya wa kaunti huufungua karibu kila siku ya kazi: DHIS2, programu huria iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo hukusanya takwimu za vituo vya afya. Kabla yake, wilaya zilikuwa zikituma majedwali ya Excel makao makuu, na kila jedwali lilikuwa na tabia zake. Wizara ya Afya iliijaribu DHIS2 katika Mkoa wa Pwani, na kufikia Septemba 2011 ilikuwa imeisambaza nchi nzima. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kusini mwa Sahara kuiendesha kitaifa kupitia intaneti.

Wanaopigia debe programu huria huishia hapo. Sehemu inayofuata ndiyo yenye mafunzo. Mpango wa awali ulikuwa seva ikae Afya House, makao makuu ya wizara. Intaneti ya jengo hilo haikuweza kuhimili kazi ya nchi nzima, na wizara ikaamua kukodi seva kwenye mtandao. Kwa hiyo programu ilikuwa huria na mashine ilikuwa ya kukodi. Uamuzi ulivunjwa vipande viwili, kila kipande kikajibiwa kivyake. Mijadala mingi ya leo hufungasha vitu hivyo pamoja, kana kwamba anayechukua programu huria lazima anunue na jenereta.

Miaka miwili baadaye ugatuzi ulifika. Vituo vya afya vilivyokuwa chini ya wilaya vilihamia chini ya kaunti 47, na mpangilio wa ripoti ukalazimika kufuata mipaka mipya. Kwa kuwa mfumo ulikuwa mikononi mwa wizara na wataalamu wa nchini walikuwa wameshafunzwa kuupanga, mabadiliko hayo hayakuhitaji kuomba ruhusa ya muuzaji. Hapo ndipo fedha zilizotumika kuwafunza watu zilipoonekana.

Mapato yana historia nyingine. Mabaraza ya miji yalikuwa na mfumo wa LAIFOMS. Mwaka 2014 Nairobi iliingia mkataba wa miaka mitano na Webtribe, kampuni iliyoendesha JamboPay, na wakazi wakazoea kulipia maegesho kwa simu. Mkataba huo ulifika mwisho 2019. Februari 2020 baadhi ya majukumu ya kaunti yalihamishiwa Serikali ya Kitaifa, na Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA, ikapewa kazi ya kukusanya mapato. Baada ya uchaguzi wa 2022 kazi ilirudi City Hall, na leo wakazi hulipa kupitia NairobiPay.

Mbali na maoni ya kisiasa ambayo kila mkazi anayo kuhusu mabadiliko hayo, kuna hesabu ndogo ya kufanya. Katika chini ya miaka kumi, rejista ya walipaji wa Nairobi ilipita katika mikono kadhaa. Kila uhamisho ulimaanisha deni la kiwanja, malipo ya miaka iliyopita na nambari ya simu ya mwenye mali vitoke nyumba moja na kuingia nyingine. Mkataba wa huduma una tarehe ya mwisho. Deni la kodi ya ardhi halina. Kwa hiyo anayechagua zana ya kuunganisha data kwa ajili ya mapato ya Nairobi hana budi kuanza kwa kuuliza jinsi ya kutoka, kabla ya kuuliza jinsi ya kuingia.

Sheria inasemaje

Hadi 2019 maafisa wangeweza kuamua kwa bei na urahisi pekee. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka huo ilibadilisha mambo. Ofisi inayompa mtu mwingine kazi ya kushughulikia data za wananchi lazima iwe na mkataba wa maandishi naye. Data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la data nyeti.

Kanuni za mwaka 2021 ziliongeza jambo ambalo wauzaji wengi wa huduma za nje hawalitaji kwenye maonyesho yao. Data za baadhi ya shughuli za umma, zikiwemo mifumo ya kusimamia fedha za umma na utoaji wa huduma za afya, zinatakiwa kuchakatwa katika seva na kituo cha data kilichoko Kenya, au angalau nakala moja inayotumika ihifadhiwe nchini. Kwa hiyo huduma ambayo mitambo yake yote iko Ulaya au Marekani haiwezi kukodiwa kwa rejista ya walipa kodi bila nakala hiyo ya nyumbani. Afisa wa ununuzi afaa kuliweka swali hili katika nyaraka za zabuni, likiwa na jibu la ndiyo au la, badala ya kuliacha kwa mawakili baada ya mkataba kusainiwa.

Upo pia upande wa kawaida kabisa wa jambo hili. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikalegea Kenya na nchi jirani. Mfumo wa malipo na mfumo wa leseni vikiwa vyote Nairobi, rekodi ya mama wa Kangemi haina sababu ya kupita Frankfurt ili ifike ghorofa ya pili ya jengo lile lile.

Kisichofanywa na zana yoyote

Kuna ugumu mmoja ambao haumalizwi kwa kukodi wala kwa kujiendeshea, na ndio unaokula muda mwingi. Katikati ya jiji, viwanja vingi hutambulika kwa nambari za L.R. zinazoanza na 209. Ukienda magharibi, upande wa Riruta na Waithaka, nambari huandikwa kwa mtindo wa Dagoretti/Riruta na tarakimu zake. Karani mmoja ataandika kwa mkwaju, mwingine kwa nukta, wa tatu ataacha nafasi. Kiwanja kimegawanywa kwa warithi watatu, lakini daftari la kodi bado lina jina la babu. Kiunganishi cha bei ghali kitachukua kosa hilo na kulipeleka salama salimini hadi upande wa pili, tena kwa kasi.

Kwa sababu hiyo, wiki za kwanza za mradi wowote wa aina hii zinafaa kutumika mezani na makarani, kukubaliana nambari gani ndiyo kitambulisho na nani ana mamlaka ya kuirekebisha. Kazi hiyo haina picha nzuri za kupiga. Ofisi ikiiruka, itaishia kulaumu zana.

Kuchagua kwa kugawa

Jibu lenye busara kwa kaunti ya ukubwa wa Nairobi ni kugawa data kabla ya kugawa fedha. Takwimu zisizomtaja mtu, kama idadi ya waliotembelea tovuti ya kaunti au ripoti za mitandao ya kijamii, hazina sababu ya kumchosha mhandisi wa umma. Huduma ya kukodi inazitosha, na ikikatika siku mbili hakuna duka litakalofungwa. Rejista ya walipaji, vibali na afya ni jambo jingine. Hizo zina majina, nambari za vitambulisho na madeni, sheria inazitaka nyumbani, na zitaishi kuliko mkataba wowote. Kwake, programu huria kwenye seva iliyoko nchini ina mantiki zaidi, kwa sharti kwamba nafasi mbili za wahandisi zimeandikwa katika bajeti na zimejazwa. Pasipo nafasi hizo, huduma ya kukodi kutoka kwa kampuni yenye mitambo nchini ni salama kuliko mfumo huria usio na mlezi, ambao nywila yake imebandikwa ukutani.

Wanaochagua huria nao wasilale. Talend Open Studio ilitumiwa bure na ofisi nyingi duniani kwa miaka mingi. Kampuni ya Qlik iliinunua Talend 2023, na toleo la bure likasitishwa mwisho wa Januari 2024. Waliokuwa nalo hawakunyang'anywa, ila marekebisho ya usalama yalikoma. Airbyte nayo ilibadilisha leseni ya sehemu yake kuu mwaka 2021, ikazuia wengine kuiuza kama huduma. Kwa kaunti inayojiendeshea tofauti ni ndogo, lakini inaonyesha kwamba neno huria linahitaji kusomwa pamoja na leseni yake. Programu inayomilikiwa na wakfu, kama NiFi, ina nafasi ndogo zaidi ya kubadilishwa ghafla kuliko ile inayomilikiwa na kampuni moja.

Kabla ya kusaini chochote, ofisi inaweza kufanya jaribio la siku 30 bila gharama kubwa. Ichague kaunti ndogo moja, tuseme Westlands, na aina moja ya rekodi, tuseme malipo ya vibali, huku majina na nambari za vitambulisho zikiwa zimefichwa. Zana mbili zifanye kazi ile ile sambamba. Kila Ijumaa karani ahesabu kwa mkono malipo 50 na kuona mangapi yamefika upande wa leseni, na baada ya dakika ngapi. Katika wiki ya tatu, mtu abadilishe kwa makusudi jina la safu moja kwenye mfumo wa malipo bila kuwaambia wanaosimamia zana. Ipimwe nani aligundua kwanza: mfumo, mhandisi, au mfanyabiashara aliyepiga simu kulalamika.

Wiki ya nne iwe ya kuhama. Kila muuzaji, na kila mhandisi wa ndani pia, aombwe kutoa data zote pamoja na historia yake na maelezo ya mpangilio, katika faili ambazo mtu mwingine anaweza kuzifungua bila msaada wake. Faili hizo zipelekwe kwenye seva tupu, na mtu ambaye hakushiriki katika mradi ajaribu kupata malipo ya kibali kimoja cha mwaka uliopita. Siku alizotumia ziandikwe katika ripoti ya tathmini ya zabuni, kando ya bei. Jaribio lenyewe lafaa kufanywa kati ya Agosti na Oktoba, mwaka wa kifedha ukiwa umeshaanza na foleni za Januari bado ziko mbali.